Heike Kamerlingh Onnes, Mtafiti wa Baridi Kali

Umekwisha kujifunza kwamba maji huganda kwenye nyuzi 0 za Selsiasi. Je, baridi yaweza kuzidi hadi wapi? Hakuna kitu kiwezacho kupoa kupita nyuzi 273 hivi chini ya sifuri. Soma sasa habari za mtu aliyekaribia kikomo hicho.

Heike Kamerlingh Onnes alizaliwa tarehe 21 Septemba 1853 mjini Groningen, Uholanzi. Baba yake alikuwa na kiwanda cha vigae. Mwaka 1882 Onnes alifanywa profesa wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Leiden. Huko alianzisha maabara ya kugeuza gesi kuwa kioevu kwa kuzishindilia na kuzipoza. Alianzisha pia shule ya mafundi wa vyombo vya maabara, kwani alijua kwamba kipimo kizuri hutaka chombo kizuri.

Kazi hiyo haikuwa nyepesi. Mwaka 1807 meli iliyobeba baruti ililipuka Leiden na kuua watu wengi, na maabara ilisimama mahali palipobomolewa siku ile. Basi watu waliziogopa gesi zilizoshindiliwa, na mwaka 1895 kazi hiyo ikasimamishwa kwa miaka mitatu hivi. Mwaka 1898, James Dewar akamtangulia kupata hidrojeni kioevu huko London. Onnes hakukata tamaa. Tarehe 10 Julai 1908 aligeuza heliamu kuwa kioevu, kwenye nyuzi 269 hivi chini ya sifuri. Hakuna aliyewahi kufanya hivyo kabla yake.

Wewe wajua kwamba waya hukinza umeme, ndiyo maana hupata moto. Mwaka 1911 Onnes na wasaidizi wake, akiwamo Gilles Holst, walipoza zebaki kwa heliamu hiyo. Ghafula ukinzani wake ukatoweka. Onnes alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1913, akafariki tarehe 21 Februari 1926.

Mwaka 1965 Arno Penzias na Robert Wilson wa Marekani walitangaza kwamba wamepata mnururisho hafifu utokao pande zote za anga. Hayo ni mabaki ya joto la ulimwengu ulipokuwa mchanga. Ili kujua mawimbi yake hutikisika kuelekea upande gani, wanasayansi hutumia utando mwembamba wa metali, uliopozwa hadi karibu ukinzani wake utoweke. Joto dogo mno likiufikia, ukinzani hupanda sana, na badiliko hilo hupimwa. Vyombo vya namna hiyo vimewekwa kwenye Ncha ya Kusini na katika jangwa la Atacama, nchini Chile.

Onnes hakuyaona hayo. Lakini kila kipimo hicho husimama juu ya kazi aliyoivumilia kwa miaka mingi.

Maswali
1. Kwa nini kazi ya maabara ilisimamishwa mwaka 1895?
2. Ukinzani wa zebaki ulifanya nini ilipopozwa sana?
3. Eleza jinsi utando wa metali unavyotambua joto dogo.