Shekhar Mehta: Msee wa 240Z Aliyeshinda Safari Mara Tano, Nne kwa Gari ya Kupeleka Watoto Shule

Wikendi iliyopita nilikuwa ocha, Nuu, ile pande ya Mwingi ambapo mchanga unakula tairi na Probox ndio mfalme wa barabara. Base ya hapo sokoni ilikuwa imewaka. Mada ni ndai mpya za sports. Mmoja anadai Nissan Z ya siku hizi ni noma, farasi 400, turbo mbili. Mwingine anasema hizo ni simu zenye magurudumu, skrini kila mahali, na ati karibu zote zitageuka za umeme zisipige hata kelele. Anko wangu, ambaye huwa haongei mob, akauliza kama kuna yeyote hapo anamjua Shekhar Mehta. Kimya. Hata mimi, na nilisomea umakanika mwaka mmoja na nusu kabla niachane na hiyo story.

Basi wacha niwape.

Mehta alizaliwa Kampala mwaka wa 1945, familia ya Wahindi waliokuwa na mashamba Uganda. Doo ilikuwepo, tusidanganyane. Alianza rally akiwa na miaka 21 hivi, na BMW. Kufika 1971 alikuwa kwa Safari na Datsun 240Z, akamaliza wa pili nyuma ya Edgar Herrmann, ambaye pia alikuwa na 240Z.

Hiyo 240Z ndio baba ya hiyo Z watu walikuwa wanapigania base. Pua ndefu, silinda sita kwa mstari mmoja, lita 2.4, hakuna turbo, magurudumu ya nyuma ndio yanasukuma, uzito kama tani moja tu. Ukiiangalia ni gari ya kuosha Jumapili na kupitia nayo mbele ya kina fulani polepole. Datsun wakaichukua wakaitupa kwa matope na mawe ya East Africa. Anko anakumbuka akiwa kijana akisimama kando ya Mombasa Road hapo Emali, akiiona ikipita nyekundu na boneti nyeusi. Anasema mlio wake ulifika kabla ya vumbi.

Sasa hapa ndio story inakuwa nzito. Agosti 1972, Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 watoke Uganda. Watu waliacha nyumba, maduka, mashamba, kila kitu. Familia ya Mehta ilikuwa kati ya hao, na yeye akaangukia Kenya. Pasaka ya 1973, hata mwaka haujaisha, jamaa yuko ndani ya 240Z na navigeta wake Lofty Drews. Mwaka huo ndio WRC ilianza, na Safari ilikuwa kwa kalenda. Baada ya maelfu ya kilomita, yeye na Harry Källström wa Uswidi wakamaliza na pointi za adhabu sawa kabisa. Ikabidi iangaliwe nani alikuwa ameenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Ni Mehta. Msee aliyefukuzwa kwao akashinda rally kubwa zaidi ya huku, kwa sports car.

Ungedhani kutoka hapo ni Z milele. Wapi! Ushindi wake mwingine, 1979, 1980, 1981 na 1982, mfululizo, ulikuja na Datsun 160J na Violet GT, navigeta akiwa Mike Doughty. Hizo ni saluni za kona kona, silinda nne, sura ya gari ya mwalimu mkuu. Hakuna kijana angeweka picha yake kwa ukuta. Lakini zilikuwa ngumu, na zikivunjika fundi alijua pa kugusa. Safari ikiwa ndani ya WRC, hakuna dereva mwingine ameishinda mara tano.

Ndio maana hizi kelele za ati sports cars zimepotea njia juzi juzi mimi huzichukulia na chumvi. Zimekuwa zikigeuka tangu zamani, na Mehta alikuwa ndani gari ikigeuka. Lakini wale wa skrini nao wako na point. Z ya sasa imepita tani moja na nusu, na ikizima kwa mchanga wa Nuu, fundi wa Mwingi atafungua boneti, aangalie, afunge.

Miaka ya themanini Audi wakaleta Quattro, magurudumu yote manne yanavuta, turbo inapuliza. Nissan wakamletea Mehta 240RS, bado ya kusukuma nyuma, bado bila turbo. Ilikuwa kama kwenda vita na rungu. 1984 Björn Waldegård akashinda Safari na Celica ya turbo, na kutoka hapo bila turbo ulikuwa unasindikiza wenzako.

1987 Mehta alipata ajali mbaya kwa Rally ya Mafarao kule Misri, na hapo ndio udereva uliisha. Akahamia upande wa uongozi pale FIA. Mkewe Yvonne, ambaye pia alikuwa navigeta na waliwahi kukimbia pamoja rally za nje, alikuwa naye hizo miaka zote. Safari ilitolewa WRC baada ya 2002. Mehta akafa London, Aprili 2006, miaka 60.

Safari ilirudi 2021, Naivasha. 2022 magari ya kwanza yakawa ya haibridi, petroli na betri, Toyota wakachukua nafasi nne za kwanza. 2025 wakaitoa hiyo betri tena. Nilipowaambia base, yule wa Z alicheka hadi akamwaga chai. Anko hakucheka. Alitaka tu kujua 240Z moja inaweza kupatikana kwa pesa ngapi siku hizi, nikamwambia auze ng'ombe wote na bado aongeze.