Salomons: Tajiri aliyeokoa saa za Breguet

IWAPO kuna mtu aliyezifanya saa kuukuu za mfukoni ziheshimiwe kama kazi za wachoraji mashuhuri, basi ni Sir David Lionel Salomons wa Uingereza.

Salomons alizaliwa mwaka wa 1851. Wazazi wake walifariki akiwa angali mdogo, akalelewa na ami yake, David Salomons, Myahudi wa kwanza kuwa Meya Mkuu wa London. Ami huyo alipofariki mwaka wa 1873, kijana alirithi cheo chake pamoja na kasri la Broomhill, Kent.

Utajiri haukumfanya mvivu. Alisomea sayansi katika Chuo Kikuu cha Cambridge, akajenga karakana nyumbani na kutia taa za umeme wakati majirani wangali wakitumia mishumaa. Mwaka wa 1895, akiwa meya wa Tunbridge Wells, aliandaa maonyesho ya kwanza ya magari nchini humo.

Hata hivyo, mapenzi yake makuu yalikuwa saa za Abraham-Louis Breguet, fundi mzaliwa wa Uswisi aliyefanya kazi jijini Paris hadi alipoaga dunia mwaka wa 1823. Salomons alikusanya zaidi ya 100, na mwaka wa 1921 akachapisha kitabu kuhusu fundi huyo.

Kuelewa kilichomvutia, sharti mtu aifungue saa yenyewe. Ncha za mihimili ya magurudumu huzunguka ndani ya vitundu. Vitundu hivyo vikiwa vya shaba, huliwa na msuguano, na saa huanza kupotosha majira. Mwaka wa 1704, mwanahisabati Nicolas Fatio na mafundi wawili wa ukoo wa Debaufre walipewa hataza jijini London ya kutoboa vito na kuvitumia mahali pa shaba.

Kadiri miaka ilivyosonga, idadi ya vito ikawa kipimo cha ubora. Saa nyingi za bei nafuu zilikuwa na vito 7, ilhali zilizotengenezwa kwa makini zilikuwa na 15 au 17. Ndiyo maana wakusanyaji huhesabu vito kabla ya kutia mkono mfukoni.

Saa nambari 160 ilipita vipimo hivyo vyote. Iliagizwa mwaka wa 1783 kwa ajili ya Malkia Marie Antoinette wa Ufaransa, bila kikomo cha muda wala gharama. Ina vipande 823, na kila mahali penye msuguano paliwekwa yakuti. Malkia aliuawa mwaka wa 1793, naye Breguet akafariki kabla ya kuikamilisha. Ilimalizika mwaka wa 1827, miaka 44 baada ya kuagizwa.

Salomons aliipata saa hiyo mwaka wa 1917, wakati nyumba yake ingali na majonzi. Mwanawe wa pekee, Kapteni David Reginald, alikuwa amefariki mnamo Oktoba 28, 1915, meli ya Hythe ilipogongana na nyingine karibu na Gallipoli. Hivyo basi, mzee aliyejaza nyumba vyombo vya kudumu karne nyingi alibaki bila mwana wa kurithi cheo.

Alipofariki mwaka wa 1925, sehemu bora ya saa zake ilimwendea bintiye, Vera. Huyo ndiye aliyeanzisha jumba la makumbusho ya sanaa ya Kiislamu jijini Jerusalem, akalipa jina la mwalimu wake, Profesa L.A. Mayer. Lilifunguliwa mwaka wa 1974, na saa za babake zikawekwa humo.

Aprili 1983, mwizi aliingia usiku na kutoweka na saa 106, ikiwemo ya malkia. Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini, lakini huyu, Naaman Diller, alifariki mwaka wa 2004 bila kushtakiwa kwa wizi huo. Siri ilifichuka mwaka wa 2006, jumba hilo liliporudishiwa saa 39. Nyingine zilipatikana Ufaransa, hata zikafika 96.

Saa ya malkia ilirejea miongoni mwa zile 39, yakuti zake zikiwa mahali pake. Saa kumi hazikupatikana.