Clusius: Mzee aliyegawa vitunguu vya maua bure, baadaye vikauzwa bei ya nyumba

Mwaka 1562, mfanyabiashara mmoja wa Antwerp alifungua mzigo wa vitambaa kutoka Istanbul akakuta vitunguu ndani. Baadhi akavichoma, akavila kwa mafuta na siki. Vilivyobaki akavifukia kwenye bustani ya mboga. Kumbe yalikuwa maua ya tulipu.

Kisa hicho kinajulikana kwa sababu Carolus Clusius alikiandika. Alizaliwa Arras mwaka 1526, akasomea sheria, kisha mimea ikamteka. Mwaka 1573 aliitwa Vienna na Kaisari Maximilian II. Huko akapata mbegu na vitunguu kutoka kwa Busbecq, aliyewahi kuwa balozi kwa Sultani wa Uthmaniya.

Hakuwa tajiri, na kaisari aliyefuata hakumtaka. Lakini mkono wake haukuwa wa birika. Vitunguu alivifunga na kuwatumia rafiki zake sehemu mbalimbali za Ulaya, nao wakamtumia vya kwao. Leo kitunguu cha ua ndani ya chungu ni zawadi ya kawaida ya Krismasi huko. Ukikipokea si kizuri hata kidogo: kikavu, cha kahawia, kimechubuka maganda. Ila kikitunzwa, huchanua tena mwaka mwingine, jambo ambalo shada la dukani haliwezi.

Mwaka 1593, akiwa na miaka 67, alihamia Leiden, Uholanzi, kusimamia bustani ya chuo kikuu. Wapenda mimea aliwapa bure, ila waliotaka kwenda kuuza hakuwapenda kabisa. Basi wezi wakaingia bustanini, tena zaidi ya mara moja.

Aligundua pia kwamba tulipu zenye michirizi kama miali ya moto hudhoofika, mwishowe hufa. Sababu ilikuja kujulikana karne ya 20: ni ugonjwa wa virusi, unaosambazwa na vidukari.

Clusius alifariki Leiden mwaka 1609, kabla ya wazimu wa bei. Ulipopamba moto, vitunguu vichache vilitajwa kwa bei ya nyumba mjini Amsterdam, hadi soko lilipoanguka Februari 1637. Vilivyogombewa zaidi ni vile vya michirizi, yaani vilivyo wagonjwa.

Bustani ya Leiden bado ipo. Sehemu yake imepandwa upya kwa kufuata orodha ya mimea ya mwaka 1594.