Marie-Antoine Carême

Marie-Antoine Carême (Paris, 8 Juni 1783 au 1784 – Paris, 12 Januari 1833) alikuwa mpishi, mtengenezaji wa keki na mwandishi wa vitabu vya upishi kutoka Ufaransa. Anajulikana hasa kwa mapambo makubwa ya mezani aliyoyajenga kwa sukari, na kwa vitabu vilivyoupa upishi wa Kifaransa utaratibu wake.

Maisha ya awali

Alizaliwa katika familia maskini yenye watoto wengi. Kadiri ya habari alizoziacha mwenyewe, baba yake alimwacha barabarani akiwa na umri wa miaka 10 hivi, wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, ili ajitafutie riziki. Alipata kazi jikoni katika mkahawa wa bei nafuu.

Mnamo 1798 aliingia kwa Sylvain Bailly, mwoka keki maarufu aliyekuwa na duka karibu na Palais-Royal. Bailly alimruhusu kutoka kazini kwenda Maktaba ya Taifa, ambako kijana huyo alinakili michoro ya majengo ya Ugiriki, Roma, Misri, India na China. Usiku alijaribu kuyajenga kwa sukari.

Ujenzi kwa sukari

Kinyunga cha sukari hakikuwa uvumbuzi wake. Kilijulikana Ulaya tangu karne ya 16. Hutengenezwa kwa utomvu mkavu wa vichaka vya jenasi Astragalus, ambao huloweshwa majini, huchujwa kwa kitambaa, kisha hukandwa pamoja na sukari iliyosagwa laini sana, wanga kidogo na maji ya limau. Kinyunga husukumwa kama chapati nyembamba, hukatwa kwa kufuata kielelezo na kuachwa kikauke juu ya ubao. Kikishakauka huwa kigumu na cheupe mithili ya kauri. Fundi hana budi kufanya haraka, maana kikianza kukauka mkononi hupasuka. Adui mwingine ni unyevu: sukari hunyonya maji ya hewani, na nguzo iliyosimama asubuhi inaweza kulegea kabla ya karamu ya usiku.

Kwa kinyunga hicho, pamoja na lozi zilizosagwa na unga, Carême alijenga mahekalu, minara, madaraja na hata magofu, akiyapamba kwa majani na maua. Kazi hizo zilikuwa za kutazamwa kuliko kuliwa. Mafundi wa leo wanaotengeneza mawaridi na okidi za sukari kwa keki za harusi hutumia kinyunga cha jamii hiyohiyo, ila huongeza mafuta kidogo ili petali ivutike na kuwa nyembamba bila kukatika.

Kwa kuwa sukari haidumu, kazi zake zinajulikana kwa njia ya michoro yake. Kitabu chake Le Pâtissier pittoresque (1815) kina michoro zaidi ya 100. Alichora pia majengo ya kweli: mwaka 1821 alitoa mapendekezo ya kupamba mji wa Saint Petersburg.

Mpishi wa wakuu

Carême alipikia karamu za Talleyrand, waziri wa mambo ya nje wa Napoleon. Majeshi ya mataifa yaliyomshinda Napoleon yalipoingia Paris mwaka 1814, alimpikia Kaisari Aleksanda I wa Urusi. Miaka 1816–1817 alikuwa Uingereza kwa mfalme mtarajiwa George IV, lakini hakudumu huko. Urusi nako, alikokwenda mwaka 1819, hakukaa sana. Baadaye alimtumikia mwenye benki James de Rothschild mjini Paris.

Alipanga michuzi ya Kifaransa katika makundi kufuatana na michuzi michache ya msingi, mpango ambao wapishi waliomfuata waliuendeleza.

Kifo

Majiko ya wakati huo yaliwashwa kwa mkaa katika vyumba vya chini visivyo na hewa ya kutosha, na mara nyingi madirisha yalifungwa ili chakula kisipoe. Wengi wanaona kwamba hewa hiyo ndiyo iliyoharibu afya yake. Alifariki kabla ya kufikisha miaka 50, akazikwa katika makaburi ya Montmartre. Kitabu chake cha mwisho, L'Art de la cuisine française au XIXe siècle, kilibaki bila kukamilika. Juzuu mbili za mwisho kati ya tano zilimaliziwa na mpishi Plumerey.