Alexander Gardner

Alexander Gardner (17 Oktoba 1821 – 10 Desemba 1882) alikuwa mpiga picha kutoka Uskoti aliyefanya kazi nchini Marekani. Anajulikana hasa kwa picha zake za Vita ya wenyewe kwa wenyewe ya Marekani (1861–1865) na za rais Abraham Lincoln.

Maisha

Alizaliwa Paisley, Uskoti. Mwaka 1856 alihamia Marekani akaajiriwa na mpiga picha Mathew Brady, kisha akasimamia studio ya Brady mjini Washington. Mwaka 1863 alifungua studio yake mwenyewe. Alifariki Washington.

Picha za vita

Wakati ule picha zilipigwa kwenye bamba la kioo lililopakwa dawa. Kwa kuwa bamba lilihitaji mwanga kwa sekunde kadhaa, watu waliokuwa wakikimbia au kupigana hawakuonekana vizuri. Ndiyo sababu picha nyingi za vita hiyo ni za kambi, maafisa na maiti.

Septemba 1862 Gardner alipiga picha huko Antietam, Maryland, kabla maiti wote hawajazikwa. Zilionyeshwa New York kwa jina la Brady, na watu wa mjini wakaona sura halisi ya vita.

Julai 1863 alikwenda Gettysburg, Pennsylvania, pamoja na Timothy O'Sullivan na James Gibson. Picha moja ya huko inaonyesha askari kijana wa Kusini aliyekufa katika maficho ya mawe. Katika kitabu chake cha mwaka 1866, chenye picha 100, Gardner alieleza kuwa huyo alikuwa mlenga shabaha aliyefia hapohapo.

Picha zake kama chanzo cha historia

Mwaka 1975 mwanahistoria William Frassanito alilinganisha picha hiyo na nyingine za Gettysburg, pia na uwanja wenyewe. Alionyesha kuwa maiti huyohuyo alipigwa picha kwanza mahali pengine, kisha akahamishiwa penye mawe. Bunduki iliyowekwa kando yake haikuwa ya aina ya walenga shabaha.

Hata hivyo picha hiyo haikupoteza thamani. Kifo cha kijana huyo ni cha kweli. Kilichokosewa ni maelezo. Tena kitabu cha Gardner kilitaja jina la mpiga picha wa kila picha, jambo linalowasaidia watafiti hadi leo.