Eugene Wigner: Fundi wa ngozi aliyeona hatari ndani ya kinu cha nyuklia

Eugene Wigner alizaliwa mjini Budapest, Hungary, Novemba 17, 1902. Baba yake alikuwa msimamizi wa kiwanda cha kusindika ngozi na alitaka mwanawe afuate kazi hiyo. Kijana alipenda fizikia, lakini alimtii mzazi, akaenda Berlin kusomea uhandisi wa kemikali. Alipohitimu mwaka 1925 alirudi kiwandani kwenye ngozi. Hakukaa sana, fizikia ikamvuta tena Berlin. Mwaka 1930 alihamia Marekani, Chuo Kikuu cha Princeton.

Julai 1939, yeye na mwenzake Leo Szilard walimfuata Albert Einstein kumweleza hofu yao: urani ya Kongo, iliyokuwa chini ya Ubelgiji, isije ikaangukia mikononi mwa Wajerumani. Baadaye sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu wa Marekani ilitoka mgodi wa Shinkolobwe, Katanga.

Mwaka 1942 Wigner aliongoza kundi la Chicago lililochora vinu vikubwa vya nyuklia. Hapo elimu zake mbili zilikutana. Vinu hivyo vilijengwa kwa matofali ya madini ya kinywe, na wengi walishughulika na hesabu za nyuklia tu. Wigner aliuliza swali la fundi: kinywe kikipigwa na nyutroni kila siku kitabaki vilevile? Alitabiri kwamba chembe zake zitasukumwa kutoka mahali pake, matofali yavimbe, na nishati ijifiche ndani yake.

Ikawa hivyo. Kwenye vinu vya Hanford, Marekani, kinywe kilivimba. Huko Windscale, Uingereza, mafundi walikuwa wakikipasha joto mara kwa mara ili nishati hiyo itoke. Oktoba 1957, kazi hiyo ilipofanyika, kinu kikashika moto. Sumu ya mionzi ilisambaa hadi malishoni, na maziwa ya mashamba ya eneo la kilomita za mraba kama 500 yakamwagwa.

Wigner alipata Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1963, akafariki Princeton Januari 1, 1995, akiwa na miaka 92. Hadi leo, anayesomea uhandisi wa nyuklia hufundishwa pia tabia za chuma, kinywe na saruji chini ya mionzi, na badiliko lile la kinywe linaitwa kwa jina la Wigner.