Aliyelipa Jiwe Jina

Wako wadhanio kuwa istilahi za sayansi huzaliwa ndani ya kamusi. Mimi hupenda kuwakumbusha maisha ya Axel Fredrik Cronstedt, Mswidi aliyezaliwa mwaka 1722 na kufariki mwaka 1765.

Mtaalamu huyu wa madini aliitambua nikeli mwaka 1751. Mwaka 1756 alilichoma jiwe fulani, likatoa mvuke na kutokota. Akaliita zeoliti, yaani jiwe lichemkalo kwa Kigiriki. Maji yale yalikuwa yamejificha katika vitundu vya fuwele visivyoonekana kwa macho. Leo wanasayansi hutengeneza utando wa zeoliti, wakachagua yenye vitundu vya kadiri: gesi ya kaboni dioksidi hupenya, nayo methani, ambayo molekuli zake ni pana zaidi kidogo, huzuiliwa.

Ajabu ni kwamba kitabu chake cha mwaka 1758, kilichoainisha madini kwa viambato vyake, kilichapishwa bila jina lake.

Walimu wenzangu, Cronstedt alitazama kwanza, ndipo akataja. Mwanafunzi anayekariri istilahi ya kitu asichowahi kukitazama hana neno. Ana sauti tupu. Tumwonyeshe kitu, naye Kiswahili atakipata.